Sabato Moja Sironga

Tuliondoka Kisumu kwa sababu mume wangu, Otieno, alikuwa amesahau kulala. Mkono wake haukuachana na simu, nami nilikuwa nimechoka kuishi na mtu aliye nyumbani na hayupo. Nikasikia kuna mama huko Sironga, karibu na mji wa Nyamira, anayepokea wageni kwake wakae siku kadhaa, wachume chai naye na wale anachokula. Otieno alikubali, bora tu asikose la kufanya.

Baada ya Kisii milima ilianza kubanana, migomba hadi ukingoni mwa lami. Otieno alikuwa ameshaipanga Jumamosi yote: kuchuma chai, soko la Suneka, kisha kupanda kilima cha Nyanchwa. Nilimwacha apange.

Tulifika Ijumaa jioni. Mama Moraa, mjane mwenye sauti ya chini, alitupokea kwa uji wa wimbi, kisha akatueleza kwa aibu kwamba yeye ni Msabato, na jua likizama Sabato imeingia. Hakuna kuchuma wala kupika hadi kesho jioni. Wageni wake wa kwanza waliposikia hivyo, waliondoka asubuhi.

"Binti yangu anakuja Jumapili kutoka Nakuru," akasema. "Anasema hii kazi ya wageni haiendi mahali, nikae kwake. Na nyinyi mkienda, nitaenda na yeye. Shamba tutakodisha."

Nilimtazama Otieno. Alikuwa akitafuta mtandao.

Asubuhi ya Sabato begi lake lilikuwa mlangoni. Nikamwambia angalau tumsindikize mwenyeji wetu kanisani. Tulikwenda kwa miguu, na kila boma tulisimama kusalimia. Otieno alitazama saa mpaka akachoka kuitazama. Baada ya ibada tulikaa kwenye nyasi tukala ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu, iliyolala kwenye maziwa tangu jana. Akaomba aongezwe. Kisha akalala pale pale, mdomo wazi, mbele ya waumini wote. Nilitaka kulia kwa furaha.

Alipoamka jua lilikuwa limeshuka. Akamuuliza Mama Moraa, "Mama, kesho tunaanza kuchuma saa ngapi?"

Jumapili binti alifika akatukuta shambani, Otieno akikemewa kwa kuchuma majani yaliyokomaa. Mama Moraa hakuacha kazi.

"Hawa wanataka kurudi na watu wao," akamwambia binti yake. "Sasa nitaenda aje?"

Binti alicheka, akakaa kwa chakula cha mchana.

Safari hii imenifunza kwamba mgeni wa kupita hakiachii kijiji kitu. Akikaa, jirani anapata wa kumletea maziwa, na mwenye nyumba anapata sababu ya kubaki. Jioni binti alitupeleka kwa gari lake hadi stendi ya Nyamira akielekea Nakuru. Otieno alisinzia nyuma. Kiti cha mbele, ambacho binti alikuwa amemwekea mamake, nilikikalia mimi, nikashusha pumzi.