Kata ya Kisima cha Korongoni

Juzi nilipita karibu na korona, pale wanapochakata mkonge, upepo ukaniletea ile harufu ya taka zilizochacha, kali, inayokaa kooni. Kijana wa bodaboda aliyenibeba akaziba pua. Mimi nikavuta pumzi. Harufu hiyo ndiyo aliyokuwa nayo Anjelina kwenye nguo zake, rafiki yangu wa utotoni, mtoto wa manamba.

Manamba, kwa msiowajua, ni watu walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge. Kina Anjelina asili yao Kigoma. Shule mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo historia waulizeni wengine; nawaambia nilichokiona kisimani tu.

Kijiji chetu kiko upande wa Kwedizinga. Kiangazi, maji kule ni ya kufukua. Tulichimba mchanga wa korongo mpaka maji yajitokeze, kidogo kidogo, tukayachota kwa kata moja ya kibuyu. Kila mwaka manamba waliitwa kufukua, na walifukua kweli, wanaume kwa wanawake. Kisima kikianza kutoa, hawaruhusiwi kushika kata. Walikaa kando na mitungi yao, na sisi tukishamaliza ndipo mmoja wetu anawamiminia kwa juu. Nilicheza na Anjelina kutwa, tukifika kisimani yeye anakwenda kando, mimi nakwenda kwenye kata, wala sikuona ajabu.

Mwaka mmoja mama yake alimaliza kufukua, akanawa mikono, akaweka mtungi wake kwenye foleni, nyuma ya wa mama yangu. Mama Anjelina alikuwa mwembamba, mwenye kucheka huku ameziba mdomo kwa kanga. Shangazi yangu Mwantumu, ambaye ulimi wake uliogopwa mpaka na waume wa watu, akamwambia, "Wewe, kwenu kule."

"Nimechimba na nyie, dada. Nachota na nyie."

"Dada yako nani? Mimi nimezaliwa Kigoma?"

Watu wakacheka. Mama Anjelina akakaa chini, kando ya mtungi wake. Wakamruka. Jioni akarudi kambini na mtungi mtupu. Kesho yake akaja tena, akaamkia wakubwa wote, akapanga mtungi, akakaa. Hakutukana wala hakusukuma mtu. Siku nne. Bomba la kambini lilikuwa limekauka, na wanawe walikunywa maji ya kikombe kikombe kutoka kwa majirani waliokubali kumiminiwa kando. Midomo ya Anjelina ilipasuka. Niliiona.

Siku ya tano shangazi akaniita kwa jina, akaninong'oneza, "Hawa, kaupige teke ule mtungi. Wewe mtoto, hakuna wa kukusema."

Na kweli, kwetu alichovunja mtoto hakihesabiwi ugomvi. Nilikuwa na miaka kama kumi, nikataka kusifiwa. Nikaupiga. Ukapasuka vipande.

Nikasubiri kofi. Niseme ukweli, nililitaka lile kofi. Angenipiga, sote tungepata sababu ya kumfukuza. Msidhani Mama Anjelina hakuikasirikia jeuri yangu. Lakini alipiga magoti, akautazama mguu wangu uliokuwa ukivuja damu.

"Umejikata, mwanangu." Akachana pindo la kanga yake, akanifunga kidole. Anjelina alisimama palepale. Hakulia. Aliniangalia tu.

Siku ya sita Mama Anjelina akaja na sufuria, akakaa. Ilipofika zamu ya mama yangu, mama, ambaye sijawahi kumsikia akimbishia wifi yake, hakuchota. Aligeuka akamkabidhi Mama Anjelina kata mkononi.

"Chota, mwenzangu."

"Wifi, umerogwa?" shangazi akamaka.

"Labda," mama akasema, "lakini mguu aliofunga ni wa mwanangu."

Mwanamke mwingine akasogeza mtungi wake kumpisha. Kufikia mvua za kwanza hapakuwa na mtu wa kukaa kando tena. Shangazi alinuna msimu mzima, lakini alinunia kwenye foleni.

Anjelina hakucheza nami tena. Baadaye wakahamia Magoma.

Sasa aibu yangu. Nilipokua nikaanza kusimulia kisa hiki. Kwanza niliruka habari ya teke. Kisha, sijui mwaka gani, nikasema aliyetoa kata ni mimi. Wajukuu walinisifu, majirani wakakirudia. Mwaka jana Mama Anjelina alifariki, nikaenda msibani Magoma, na mjukuu wangu tuliyefuatana naye akawatangazia waombolezaji, "Bibi huyu ndiye aliyempa marehemu kata!"

Wote wakamgeukia Anjelina, bibi mwenzangu sasa. Akanitazama.

"Alikuwepo," akasema. Akasogea mkekani, akanipa nafasi kando yake.

Ndipo nilipoelewa kazi aliyoifanya mama yake zile siku sita, akitungoja pale chini: alituachia nafasi ya kuona haya wenyewe na kuinuka wenyewe. Mama yangu aliinuka. Hata shangazi, kwa kununa kwake. Na mimi, mbele ya watu wote wale, nikiwa na neno moja tu la kusema, kwamba aliyetoa kata ni mama, si mimi, nikakaa tu, nikapokea chai.