Aliyekwenda Kununua Valizi

Watu wakilinganisha nchi mbili huuliza habari za umeme, barabara na bei ya unga. Mama mkubwa, dada ya mama yangu aliyenilea tangu kwetu Kindu mpaka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, huku Malawi, alikuwa na kipimo chake: nikifa, nitaliliwaje?

Kwa kipimo hicho Malawi ilishindwa vibaya. Alikubali kwamba huku analala bila kusikiliza risasi, na kwamba watu wana heshima. Lakini heshima yenyewe ndiyo iliyomkera.

"Huku batu banalia na adabu, kama benye kuomba maji," aliniambia. "Kwetu mutu akikufa, hata ng'ambo ya mto banajua. Mi sitaki kuzikwa kimya."

Akaamua kurudi Kindu. Mimi niliacha shule mapema na sijawahi kutulia mahali. Nilizurura kwa raha kwa sababu nilijua yeye hasogei. Akiondoka, nitarudi kwa nani?

Siku ya kununua valizi, sanduku la safari, tulikwenda Lilongwe. Tulikuwa tunakatiza mtaa wa Mtandire, valizi tupu kichwani mwake, mara magari yakasimama. Mwendesha kabaza akashuka kwenye baiskeli yake ya abiria, wanawake wakachuchumaa kando ya njia. Msiba ulikuwa unapita, na huku msiba ukipita kila kitu hunyamaza.

Mama mkubwa alikitazama kimya kile kama mpishi aliyeonja mchuzi usio na chumvi. Akanipa valizi.

"Shika."

Kisha akafungua mdomo. Kuku walikimbia. Hakujua kama marehemu ni mwanamume au mwanamke, lakini alilia: "Yooo! Umetuacha na nani!" Wafiwa wakageuka. Nadhani waliogopa kumkosea ndugu wasiyemfahamu, maana walimshika mikono wakamweka mbele kabisa, karibu na jeneza. Mimi nikafuata na valizi, kama jamaa aliyetoka safari ya mbali.

Baada ya maziko tulipewa nsima, ugali wa huku, na maharage. Bibi mmoja mwenye meno imara, aliyekuwa anatafuna muwa, aliniuliza kwa Kichewa marehemu alikuwa nani kwetu. Nikamtafsiria mama mkubwa.

"Umwambie tuko majirani."

"Mama mukubwa, sisi tunatoka Dzaleka!"

"We mutoto, bakubwa banaongea. Sema majirani."

Nikasema. Bibi akacheka, akajifuta macho, akamshika mkono. Alisema watoto wake ni watu wa kunong'ona. Siku yake ikifika, jirani huyu aje amlilie hivyo hivyo, kuku wakimbie. Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa kabla sijamaliza kutafsiri.

Tulipokuwa tunarudi kambini nilijikaza nikauliza: "Na Kindu?"

Akaniangalia kama anayetazama mtu asiye na malezi. "Nitaenda namna gani, na nimeshaahidi mutu?"

Valizi ile sasa iko chini ya kitanda chake, imejaa vitenge. Kila nikipata kibarua mjini, mtaa wa Area 47, napitia Mtandire kumwona yule bibi. Namkagua macho, namsikiliza kifua anavyopumua, nauliza kama analala vizuri. Anadhani mimi ni kijana mwenye adabu sana.

Nisipokosa hela, namwachia na muwa.