Maksai Waliomsubiri Marwa

Mvua ya kwanza ikinyesha Nyamwaga, harufu ya udongo uliopinduliwa huchanganyika na pumzi ya maksai, na harufu hiyo hunirudisha nyuma ya plau ya kaka yangu Marwa, nikidondosha mbegu za mahindi mtaroni. Wenzake walilima kwa fimbo. Marwa alilima kwa sauti. Akisema "Waziri, kulia!" maksai wa kulia anapinda, akisema "Sirari, taratibu!" mwenzake, aliyepewa jina la mji wa mpakani tulikomnunua, anapunguza mwendo. Watu walisimama barabarani kutazama.

Vijana wa kijiji cha Gorong'a walimwambia bangi inatia nguvu ya kulima, na kwetu wengi waliamini hivyo. Akawa anavuta kila alfajiri kabla ya kufunga nira. Mwanzoni alilima bila kupumzika, baba akatamba kilabuni. Kisha kikaja kikohozi, kisha hofu: alisikia watu wakimteta ndani ya migomba, na hapakuwa na mtu. Asubuhi moja alishika plau akanyamaza.

"Bhoke, huyu anaitwa nani?"

Nilicheka. "Acha utani, kaka. Si Waziri?"

"Na yule?"

Baba alifoka toka ukingoni mwa shamba, "Mwanaume mzima! Unamuuliza mtoto jina la ng'ombe wako?"

Marwa akalia. Maksai waligeuza shingo, wakamtazama, wakasubiri sauti. Hawakupiga hata hatua.

Miaka imepita, na sasa nimerudi nyumbani na diploma ya utabibu. Sikusomeshwa na mtu. Niliuza nyanya mpaka ada ikatimia, na nyumba yangu ya bati jekundu inaonekana toka barabarani. Kwenye zahanati ya Kisaka ninakofanya kazi nawaeleza vijana jinsi bangi inavyochafua mapafu, inavyokula kumbukumbu, na inavyowavuruga akili baadhi yao. Marwa nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Akaacha. Sauti za migombani zilinyamaza, majina ya zamani yakaanza kumrudia, lakini mapya hayamkai kichwani. Hata la mwanangu huliuliza kila anapomwona.

Kwa hiyo msimu huu nilinunua maksai wawili, nikawapa majina ya wale wa zamani, nikawazoesha kuitikia sauti kwa miezi kadhaa. Juzi Marwa alishika plau. Aliwatazama mmoja mmoja, nami na diploma yangu nikasimama nyuma yake na mbegu za mahindi.

"Waziri," akasema. "Sirari. Twendeni."

Udongo ukafunguka.