Kufika Kibo

Tuliishi ughaibuni, katika mtaa wa Mount Dennis, ambako mlima ni wa jina tu. Mwaka ule binti yetu alikuwa darasa la tano, na mwalimu wake akampa kazi ya kueleza historia ya kupanda Everest. Mtoto akajigamba kwamba baba yake ni mpanda milima, basi mume wangu akaalikwa shuleni.

Lawama ni yangu pia. Kanisani nilikuwa nikimtangaza kila nilipopata msikilizaji: huyu amefika Kibo mara arobaini! Yeye anatabasamu tu, anakunywa chai yake. Na niseme ukweli, hiyo Kibo ilinisaidia kumkubali aliponiposa.

Siku yenyewe niliomba ruhusa kiwandani, nikakaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu. Binti alisoma vizuri. Wa kwanza walijaribu upande wa kaskazini wakashindwa, wengine hawakurudi. Mwaka 1953 wakafika wawili, mmoja wao mwenyeji wa milima ile aliyeanza kama mpagazi. Nyuma yao, akasema, walikuwapo mamia ya wapagazi waliobeba mahema na chakula, na kitabu chake hakikuwataja majina.

Akamgeukia baba yake. "Daddy, wewe ulifika top, right?"

Mume wangu akajikuna shingo. Akajibu kwa Kiswahili, polepole, ili mtoto atafsiri.

"Kibo ni kule juu kileleni. Lakini hata kibanda cha mwisho, chini ya kilele, kinaitwa Kibo. Mimi nilifika kibandani. Mpagazi anaishia hapo. Anapika uji, anasubiri wageni washuke."

Binti akatafsiri yote bila kupunguza neno. Watoto wakauliza habari za uji. Mimi uso uliniwaka. Miaka kumi na miwili ya ndoa, kumbe niliuziwa mbuzi kwenye gunia!

Tulipotoka kwenda kituo cha basi nilimsema mpaka nikachoka. Hakubisha. Aliniambia tu kwamba hakuwahi kudanganya. Watu walifurahi, akawaacha wafurahi.

Hasira ilipopungua nikagundua kuna jambo sikuwahi kumuuliza, wala sikuwahi kusikia mtu akimuuliza.

"Ulitaka kufika?"

"Kila safari, mke wangu," akasema, akageuza uso upande wa barabara.