Nilivyotangaza Mbuzi wa Mahari Kwenye Soko la Simu

Nimechoka hata kabla ya kuandika, lakini nitasema. Baba alinituma nitangaze mbuzi wetu mzee kwenye grupu la soko, lile ambalo watu wa Kasongo na Kabambare wanauziana vitu huku wakipiga soga. Mbele ya watu mimi ni bubu. Kwenye simu ninakuwa mtu mwingine kabisa.

Mbuzi wetu amekonda, manyoya yanamtoka. Niliona haya kumwonyesha. Pembeni alikuwepo beberu mweupe wa mahari ya dada Riziki, tunamtunza mpaka mjomba aje kuchukua fungu lake. Nikampiga picha huyo. Nilijiambia mnunuzi akifika atamkuta yule mbuzi mzee, ataelewana na baba. Akili yangu hiyo!

Alama za moyo zikajaa chini ya picha, nikalewa sifa. Mama mmoja, ambaye picha yake ni ua tu, akauliza: "Mbona munauza mbuzi muzuri hivi?"

Nikajibu kama mfanyabiashara: "Tumemuchoka, mama. Kuja upesi tu."

Leo amekuja kwa pikipiki kutoka Wamaza, vumbi mpaka kwenye kope. Dada alimtolea kiti, kisha akapiga magoti. Mgeni huyo alikuwa mama mkwe wake mtarajiwa.

Hakukaa. "Baba Riziki, mbuzi yetu mumeichoka. Na mutoto wetu mwanaume je, mumemuchoka pia?"

"Nani aliandika hivyo?" baba akauliza.

Dada akamwomba mgeni simu yake, akaisogeza karibu na macho yake yaliyojaa machozi, akasoma jina langu kwa sauti.