Ubao wa Jeki

Dereva huyu hamwachii mtu sanduku lake la vifaa. Kila safari ya porini hulipakia mwenyewe, kachuchumaa uani: kila spana huiviringishia kitambaa isigombane na mwenzake, kamba ya kuvutia huikunja kama nguo ya mtoto, kisha hutikisa sanduku na kulitegea sikio. Likilia, humwaga vyote akaanza upya, huku akinung'unika. Leo halikulia, lakini mikono yake iliendelea kupapasa chini ya jeki.

"Ubao wangu uko wapi?" akanguruma. "Ule mweusi wa kuwekea jeki! Bila ubao jeki inazama topeni, lori haliinuki! Mnataka nigeuke chakula cha mbu?"

Mkewe akaapa hajauona. Shemeji yake akaapa hata kabla ya kuulizwa.

"Kila safari! Kwenu nyie, kitu kikiwa na grisi basi ni takataka! Aliyeuchukua ajitokeze, leo tutajuana!"

Mama mkwe akatoka jikoni na kikombe, akampa kwa mikono miwili. "Ni mimi, baba. Niliutia motoni. Uliwaka vizuri, una mafuta mafuta. Chai imekolea?"

Mishipa ya shingo ikamsimama. Haki yake ikamkwama kooni; akaisukuma kwa chai.

"Imekolea, mama. Ahsante."

Akanywa mpaka tone la mwisho, akarudisha kikombe jikoni kwa adabu zote. Alipotoka, alikuwa na ubao wa kukatia mboga kwapani. Akauviringishia kitambaa, akaulaza chini ya jeki, akatia kufuli.