Anselme Akigeuka

Kile kitabu cha upelelezi Honorine Jouvin alikisoma mara tatu, mauaji yake yote na mvua yake yote, hadi Inspekta anapomnasa muuaji kwenye malango ya mfereji. Anselme, mumewe, hayumo. Angekuwamo vipi, na mtunzi hakuwahi hata kumwona? Lakini moyo wenye hamu hausikii hoja. Alipekua tu.

Kwenye filamu iliyotokana na kitabu hicho yumo. Waliipiga papa hapa mjini mwaka wa thelathini na nane, wakachukua wenyeji wapite nyuma ya Inspekta. Anselme, fundi baiskeli, alipewa sharti moja: sukuma baiskeli, usiitazame kamera. Akaitazama. Honorine, mkewe wa miezi minne, alikuwa amesimama nyuma ya kamera akimkonyeza. Mvua ikashuka, hawakurudia.

Basi kila ilipoonyeshwa, ukumbi ulimcheka. "Mwone huyo bwege! Anatafuta nini?" Honorine alikuwa akitoka amenuna.

Vita vikaja. Anselme akatekwa, akazikwa huko Ujerumani, mahali ambapo Honorine hapajui hata jina. Picha ya harusi iliungua pamoja na nyumba. Zikabaki zile sekunde mbili.

Mwaka wa arobaini na saba filamu ikarudi kwa Jumapili moja, saa nane na tena saa kumi na moja. Honorine alivaa koti lake jema, akakaa safu ya tatu. Baiskeli ikatokea konani. Anselme akaanza kugeuza shingo, na mara Inspekta yuko baa anaagiza mvinyo mweupe. Hakuna aliyecheka.

Alipanda ngazi za chumba cha mashine ya filamu bila kujua alivyopanda.

"Firmin! Mume wangu yuko wapi?"

Mzee Firmin, aliyeendesha mashine ile tangu enzi za filamu zisizo na sauti, akamkabidhi kopo la tumbaku. Ndani mlikuwa na kipande cha mkanda, urefu wa mkono, kimekunjwa vizuri.

"Nimekikata asubuhi, Bi Honorine. Zawadi yako. Walikuwa wanamcheka, nawe unaumia. Sasa basi, mpeleke nyumbani."

Honorine akakiinua dirishani. Anselme wadogo wadogo wamepangana juu hadi chini, wa mwisho anamtazama. Mungu anajua alivyotamani kukificha kifuani aondoke nacho. Miaka saba ameomba kitu cha kushika. Akatazama, akatazama tena. Hakuna anayegeuka. Wote wamesimama tu.

"Kirudishe."

"Hee! Filamu inaondoka kesho na treni. Labda humwoni tena maisha yako yote!"

"Hapa nimeshika maiti, Firmin. Kule anatembea. Kiunge."

"Watamcheka."

"Si wamcheke!"

Firmin akanung'unika kwamba wanawake hawana shukrani, kisha akatafuta gundi.

Saa kumi na moja Honorine alikuwa safu ileile ya tatu. Baiskeli ikatokea konani. Anselme akageuza shingo, akageuza yote, na uso wake ukajaa ukumbi mzima.

"Wee bwege!" mtu akapiga kelele huko nyuma. "Unamtazama nani?"

"Mimi!" akajibu Honorine kwa sauti. "Ananitazama mimi!"

Ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao huku machozi yakimtiririka, hadi Anselme akakata kona na baiskeli yake.